MATABAKA YA UDONGO NA MATABAKA YA WATU: MIJI YA VISIWANI ILIANZAJE?

 

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala uliokuwa na mada: "Ustaarabu wa pwani ni wa Waswahili wenyewe." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa watetezi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mpinzani mmoja aliposimama akasema: "Ile miji ya pwani ilijengwa na wageni waliokuja na majahazi. Na sisi wa huku bara hatukujenga hata kibanda cha maana. Mwafrika alingoja kuletewa kila kitu!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema maneno mawili matatu, nikaketi. Hasira nilikuwa nayo tele, lakini hasira si hoja. Tukashindwa.

Basi niliapa kutafuta. Mwalimu wetu wa historia alinisaidia kwa vitabu na maelezo. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Wahenga walisema kawia ufike.

1. MAANA YA MANENO

Kwanza tutazame neno lenyewe, "ustaarabu". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kuwa kama Mwarabu. Kwa hivyo tukiuliza, "Nani alileta ustaarabu pwani?" swali limekwisha kujijibu kabla hatujafungua kinywa! Ndiyo maana katika makala haya nitatumia maneno "jamii changamano". Hii ni jamii ambayo watu wake hawafanyi kazi moja wala hawana hadhi moja. Mmoja anavua, mwingine anafua chuma, mwingine anafanya biashara, na yuko anayeamua ugomvi na watu wakamtii. Aidha, jamii kama hiyo hufanya kazi kubwa za pamoja ambazo mtu mmoja na jamaa zake hawaziwezi.

Neno la pili ni "tabaka". Kiswahili kina utajiri hapa. Tabaka la udongo ni udongo uliolala juu ya udongo mwingine. Tabaka la watu ni kundi la watu walio juu au chini ya wengine kwa mali au heshima. Neno ni moja, na utaona ya kwamba anayechimba matabaka ya kwanza hukutana na ya pili humo humo.

2. KABLA YA MIJI

Watu walifika visiwani zamani mno. Katika pango la Kuumbi, kisiwani Unguja, kumepatikana vifaa na mifupa inayoonyesha kuwa wawindaji walipita hapo takriban miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo bahari ilikuwa chini sana, na Unguja haikuwa kisiwa bali ilishikana na bara. Mtu angetoka Bagamoyo kwa miguu akafika bila kulowa. Baadaye barafu ya dunia iliyeyuka, maji yakapanda, na Unguja ikabaki peke yake.

Katika karne ya kwanza B.K., baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza habari za pwani yetu. Kitabu chake huitwa Periplus. Anataja kisiwa alichokiita Menuthias, ambacho watu wake walikuwa na mitumbwi na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na walivua samaki kwa mitego ya kusuka. Anayejua pwani atatambua mara moja: hayo ni mambo ya mtepe na dema! Lakini hakutaja jumba la mawe hata moja katika kisiwa hicho. Sasa swali letu ni hili: kutoka kwa mvuvi na dema lake, watu walifikaje kwenye majumba ya mawe?

3. SHANGA: MJI ULIOKUWA KIJIJI

Jibu zuri kuliko yote nimelipata Shanga. Huu ni mji uliohamwa, uko upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu hapa hapa Kenya. Ukiutazama kwa juu utaona magofu ya nyumba za mawe zaidi ya mia moja, misikiti, na mamia ya makaburi. Mtu akifika na kuona hayo tu, anaweza kusema kama alivyosema yule mpinzani wangu.

Hata wataalamu walisema hivyo zamani. Bw. Neville Chittick, aliyechimba mji wa Manda ulio kisiwa jirani kuanzia mwaka wa 1966, aliamini kuwa mji ule ulianzishwa na walowezi kutoka Ghuba ya Uajemi. Alikuwa msomi mkubwa, wala hakuwa na nia mbaya. Aliona mawe na vyombo vya kigeni akatoa hukumu.

Mwaka wa 1980 mwanaakiolojia Mwingereza, Mark Horton, alianza kuchimba Shanga, na kazi hiyo ikachukua miaka minane. Hakutosheka na magofu ya juu. Alichimba kwenda chini, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika kwenye mchanga ambao haujawahi kukanyagwa na mwanadamu.

Ili uelewe, fikiria nyumba ya udongo ya huku kwetu. Kila mwaka mama husiriba sakafu upya. Ukiikata sakafu hiyo kwa jembe, utaona mistari: siriba ya juu ni ya mwaka huu, ya chini yake ni ya mwaka jana, na ya chini kabisa ni ya siku nyumba ilipohamiwa. Kama kijiko kilizama katika siriba ya chini, basi ni cha zamani kuliko kilicho juu. Hivyo ndivyo udongo unavyosomwa.

Sasa tusome udongo wa Shanga kutoka chini kwenda juu.

(a) Tabaka la chini kabisa, takriban mwaka 750 hadi 780. Hakuna jiwe. Kuna alama za mashimo ya nguzo za vibanda vya miti na udongo. Kuna vyungu vya kupikia vyenye nakshi za pembetatu, vilivyofinyangwa na wenyeji. Vyungu vya namna hiyo hiyo vimepatikana ndani ya bara kando ya Mto Tana na hata Tanzania. Vyombo vya kigeni vipo, lakini ni vichache sana vikilinganishwa na vya wenyeji. Watu hao walifua chuma na kutengeneza ushanga kwa makombe ya baharini. Katikati ya kijiji palikuwa na uwanja uliozungushiwa uzio, na ndani yake kisima.

(b) Mwisho wa karne ya 8. Panajengwa msikiti mdogo wa miti, wa kutosha watu wachache tu. Hii ina maana kwamba baadhi ya wanakijiji walikuwa wamesilimu, si kijiji kizima. Msikiti huo ulipochakaa walijenga mwingine juu yake, na mwingine tena, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia.

(c) Karne ya 9 na ya 10. Zinatokea sarafu ndogo sana za fedha, zilizotengenezwa huko huko visiwani, zenye majina ya Kiislamu kama Muhammad na Abdallah. Msomaji, usizipuuze kwa udogo wake. Sarafu haina faida isipokuwa watu wanamwamini aliyeitoa. Kwa hiyo alikuwapo mtu ambaye jina lake lilitosha kuwa dhamana. Na kwenye karne ya 10 ndipo mawe yanapoanza: msikiti na majengo ya katikati ya mji yanajengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini.

(d) Karne ya 14. Ndipo nyumba za mawe za watu binafsi zinapoenea. Kisha kufikia takriban mwaka 1425 mji unahamwa, na mchanga unaanza kazi yake.

Hebu hesabu nami. Kutoka kibanda cha kwanza hadi msikiti wa mawe ni zaidi ya miaka 150. Kutoka msikiti wa mawe hadi nyumba za mawe za watu wengi ni karibu miaka 400. Je, kama mgeni angekuja na ustaarabu wake ndani ya jahazi, angekaa karne nzima na zaidi kwenye kibanda cha udongo kabla ya kukumbuka kwamba anajua kujenga kwa mawe? Haba na haba hujaza kibaba. Shanga ilijaa kwa haba na haba.

4. KWA NINI KISIWANI?

Mtu atauliza, kwa nini mambo haya yalitokea visiwani na si mahali pengine? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni maji. Kisiwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Mkichota kwa pupa, chumvi inapanda na kisima kinaharibika kwa wote. Kwa hiyo lazima pawe na utaratibu: nani achote, lini, na nani asimamie. Nadhani si bure kwamba kisima cha Shanga kilikuwa katikati ya kijiji, ndani ya uzio. Watu wanaotumia kisima kimoja hujifunza serikali kabla ya kujua neno serikali.

Ya pili ni pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Mfanyabiashara akishafika hawezi kuondoka apendapo, lazima angoje pepo zigeuke. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa huyu atakaa miezi! Alihitaji mwenyeji wa kumpa malazi, kumlindia mali na kumtafutia pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Jamaa zilizokuwa na mgeni wa kudumu zilipata bidhaa nzuri mwaka baada ya mwaka, na zisizokuwa naye hazikupata. Hapo ndipo tabaka la watu linapoanza kujitenga, polepole kama maziwa yanavyoganda kwenye kibuyu.

Ya tatu ni kazi yenyewe ya kujenga. Matumbawe yakitolewa baharini huwa laini na hukatika kwa urahisi, yakikauka huwa magumu. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Basi nyumba moja inataka wakata matumbawe, wachoma chokaa, wakata mikoko na waashi, na hao wote lazima wale. Nani awalishe? Ni yule mwenye ziada. Nyumba ya mawe ni ziada iliyosimama wima ili kila mtu aione.

Na bahari pia inashuhudia. Wataalamu waliohesabu mifupa ya samaki katika miji ya kale ya pwani wanasema ile ya zamani zaidi ni ya samaki wa mwambani na maji mafupi. Ni baada ya takriban mwaka 1000 ndipo samaki wa bahari kuu, papa wakiwemo, wanapozidi. Yaani hata ubaharia wenyewe ulikua pamoja na mji, haukuwa umekamilika tangu mwanzo.

5. JE, WAGENI HAWAKUWAPO?

Walikuwapo, na ni uongo kusema hawakuwapo. Mwaka wa 2023 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba, yaani alama za urithi tunazopokea kwa wazazi, vya watu 80 waliozikwa zamani. Wengi wao walitoka katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kuwa wengi wao walikuwa na asili mbili. Zaidi ya nusu ya urithi wao kwa kawaida ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa kina mama. Sehemu iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi na kidogo Uhindi, na hiyo ililetwa zaidi na wanaume. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Linganisha miaka. Shanga ilianza karibu mwaka 750. Ndoa na wageni zilishika kasi karibu mwaka 1000. Mgeni alipokuja kuoa, alimkuta bibi arusi yuko kwao, kijijini mwao, wenye msikiti na sarafu zao. Na watoto walizungumza lugha gani? Walizungumza lugha ya mama zao. Ndiyo maana Kiswahili, pamoja na maneno yake mengi ya Kiarabu, kimebaki lugha ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Lau mababa wangekuwa ndio waanzilishi wa kila kitu, mimi leo ningekuwa naandika makala haya kwa Kiajemi!

6. WALIOBAKI CHINI

Hapa sharti niseme jambo ambalo halikusemwa na upande wowote katika mjadala wetu. Sote tulizungumza kana kwamba mji mkubwa ni sifa tupu. Je, ni sifa kwa nani?

Tazama Kilwa Kisiwani, iliyoko kusini mwa Tanzania. Nako kulianza kwa vibanda vya udongo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Utajiri wake ulitokana hasa na dhahabu iliyopitia Sofala. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka wa 1331. Aliusifu mji kwa uzuri na Sultani kwa ukarimu. Lakini alieleza pia jinsi Sultani huyo alivyowavamia watu wa bara na kuchukua nyara, na kwamba katika zawadi alizotoa mlikuwa na watumwa na pembe za ndovu.

Kwa hivyo mtu mmoja alipewa sifa ya ukarimu, na mwingine ndiye aliyekuwa zawadi yenyewe. Huyo wa pili hana jumba la kuchimbwa. Hata makaburi mengi yaliyotoa vile vinasaba yalikuwa karibu na misikiti, ya watu wenye hadhi. Mvuvi na mtumwa walilala kwenye vibanda ambavyo mvua ilivirudisha udongoni. Tukisema "Waswahili walijenga", tukumbuke pia mikono iliyobeba matumbawe.

7. NA SISI WA HUKU KESSES?

Sasa nimrudie mpinzani wangu kwa lile dai la pili, kwamba bara hatukujenga chochote.

Katika shamba la babu yangu mna shimo kubwa la mviringo kama bakuli, ambalo kingo zake zimepangwa mawe. Uasin Gishu nzima ina mashimo kama hayo, na wengi wetu tumeyaona. Wazee husema ni ya Wasirikwa, watu waliotangulia. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ati waliishi chini ya ardhi kama fuko. Lakini katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton alichunguza mashimo haya, akaonyesha kuwa hayakuwa nyumba. Yalikuwa maboma ya ng'ombe, yaliyochimbwa kwenye mteremko ili mifugo isiibwe kwa urahisi. Nyumba zilijengwa ubavuni, na njia ya kuziingia ilipitia bomani. Samadi ilizolewa na kutupwa nje karibu na lango, ndiyo sababu pana vilima pembeni. Maboma hayo yalitumika takriban tangu mwaka 1200, yaani wakati ule ule Shanga ikiwa hai.

Hiyo nayo ilikuwa kazi ya watu wenye akili na mpango. Tofauti ni kwamba mali ya Msirikwa ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hutembea. Nyasi zikiisha unahama nao. Mali ya mtu wa Shanga ilikuwa nyumba, na nyumba haitembei. Mwenye mali inayotembea hana haja ya kujenga mji. Si kwamba mmoja alikuwa na akili na mwingine hakuwa nazo. Kila mmoja alijibu swali lililoulizwa na mahali pake.

Mashimo ya babu yalikuwa matatu. Mawili yalifukiwa kabla sijazaliwa ili trekta ipite vizuri kwenye mahindi. La tatu lilikuwa lifukiwe mwaka huu. Jioni moja nilikaa naye nikamsimulia habari za Shanga na za yule Sutton. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Kwa hivyo ni boma la ng'ombe. Mimi nilijua. Nani anaweza kuishi kwenye shimo na mvua hii yetu?" Msimu huu trekta ilizunguka. Msimu ujao nitamkumbusha tena.

8. TAMATI

Kwa kuhitimisha, nasema hivi. Hakuna jahazi lililoshusha mji mzima ufuoni. Jamii hukua kutoka chini, kutoka kwenye kisima, chungu na nyavu, na mgeni huongeza chake juu ya kilichopo. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini lazima mwenyeji awepo kwanza. Pili, jamii ikikua, matabaka hukua nayo, na anayesifu jumba aulize pia nani alibeba mawe. Tatu, udongo ni kitabu kisichopigwa chapa mara ya pili. Ukiufukia au kuuchimbua ovyo, umechana ukurasa.

Mpinzani wangu, tukutane katika mjadala wa mwaka ujao. Safari hii sitaketi mapema.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini tabaka la chini kabisa la Shanga lina uzito zaidi katika mjadala huu kuliko magofu ya juu.
2. "Nyumba ya mawe ni ziada iliyosimama wima." Jadili ukitoa mifano kutoka kijijini kwenu.
3. Taja tofauti mbili na mfanano mmoja kati ya watu wa Shanga na Wasirikwa.
4. Uliza mzee mmoja wa kwenu kuhusu shimo, mti au jiwe la kale lililo karibu nanyi. Andika aliyosema kabla hujayasahau.